Marigu Wawili, Jina Moja kwenye Orodha

Jumatatu, 2 Juni
Marigu Njeru amepooza upande wa kulia. Sista Wanja, muuguzi wa zahanati moja nje ya Kiritiri, amenipigia nikipiga pasi shati la kazi. Mama huyo alilazwa Embu jana. Ana presha, na hajameza dawa miezi miwili.
Ni zahanati niliyoisifu gazetini mwezi Machi. Vijana wa kompyuta kutoka Meru, wauguzi na kikundi cha kina mama walishirikiana kuunda mfumo. Dawa ikifika, simu ya mgonjwa inapata ujumbe. Hakuna tena kutembea bure. Niliandika hivyo.

Jumanne, 3 Juni
Kompyuta ya zahanati inasema Marigu Njeru amechukua dawa kila mwezi. Kweli amechukua. Si huyu.
Wako wawili. Baba yao, Njeru, alioa wake wawili, na kila nyumba ikampa msichana wa kwanza jina la mama yake Njeru, kama inavyofanywa huku. Sasa wote ni wajane, wamerudi kwao, wanatumia simu moja. Wakati wa kuandikishwa, namba za vitambulisho hazikuulizwa, wazee wasiogope. Jina moja, simu moja: kompyuta ikawafanya mtu mmoja. Mkubwa, huyu aliyepooza, alikwenda mara mbili, akaambiwa ameshachukua. Akarudi nyumbani.
"Na kompyuta ndiyo imesema," mdogo wake akaniambia. "Utabishana nayo ukiwa nani?" Halafu: "Ni mimi nilimeza dawa ya dada."
Nikamwambia hapana. Hakunisikia.

Jumatano, 4 Juni
Meru. Ofisi ya Kinoti iko juu ya duka la mbegu. Ndiye aliyeandika programu. Kabla ya kuzindua alifuta majina yote yaliyojirudia, orodha iwe safi. Mangapi? Hakumbuki.
"Kwetu sisi tuko Kinoti wanne," akasema. "Wote wa babu mmoja. Nilijua hiyo kitu, na sikufikiria."
Akaniomba nisichapishe hadi wafadhili wa mradi wapite Ijumaa. "Mzee, wakisoma hii, mradi umekufa. Na wale wanaopata dawa vizuri, utawaambia nini?"
Swali la haki. Limenikasirisha kwa sababu ni la haki. Nikamjibu kwamba kila jina alilofuta ni mtu anayengoja ujumbe nyumbani, leo.

Alhamisi, 5 Juni
Nimesoma tena makala yangu ya Machi. Niliwahoji watu kumi na mmoja, wote kwenye benchi la zahanati. Walikuwa pale kwa sababu ujumbe uliwafikia. Sikuuliza nani hakuja. Kosa la mwanafunzi, na miaka yote hii kazini. Naona aibu.
Nimempelekea mhariri habari, kosa langu likiwa ndani. Nikamwarifu Kinoti.

Ijumaa, 6 Juni
Imetoka ukurasa wa tano. Wafadhili wameahirisha ziara, hawakutaja siku. Sista Wanja ametukanwa na wagonjwa kwenye dirisha la dawa asubuhi nzima. "Umetuanika, bwana," akaniambia kwa simu.
Kabla ya kukata akasema wamefika wanawake wanne, hawajawahi kupata ujumbe hata mmoja. Kila mmoja ana ndugu wa jina lake.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya kanisa nimepita wodini. Marigu anakunja vidole viwili. Maneno bado. Mdogo wake alikuwa anamlisha uji polepole, anampangusa kidevu.
Nimerudi nyumbani kwangu Majimbo, nikafua.
Kinoti ameandika. Ana nakala ya orodha ya kwanza, kabla hajafuta. Kesho anaileta Kiritiri. Kina mama wa kikundi watakaa naye na Sista, kila jina lisomwe kwa sauti, na kando yake liandikwe jina la mama mzazi. Wanaanza saa mbili asubuhi.