Misuko ya Edith na machine ya kusikiliza kichwa

Mupendwa Kambo Angélique, nyanya yetu ya mashauri, nakuomba musaada juu sijui tena nishike njia gani, bwana yangu alikufa mwaka jana, tunakaa Kamalondo kwa mama yake, na mutoto yangu Edith, miaka kenda, anaangukaka kifafa, docteur akasema kuko machine moja yenye ilibakia kisha pillage, wezi kubeba zingine zote, banabandika bafil, zile nyuzi za umeme, ku kichwa na tukalamu tudogo twa machine tunaandika ku karatasi courant ya mu bongo, ndipo atajua ni dawa gani, basi tukaenda, lakini mama mukwe alikuwa amemusuka na mizizi na mafuta mu misuko, dawa yake ya kifafa, docteur akauliza, «Kuko mafuta?» mi kwa haya nikajibu hapana, bafil ikateleza, kalamu ikaandika fujo. Docteur akakasirika: «Mama, unaniharibishia karatasi!» Akasema turudie siku ya tano na kichwa safi, karatasi imebakia ya muntu moja tu, na kesho yake, siku ya posho, docteur anapanda treni ya Sakania, anarudia kwabo, hakuna mwingine wa kuisoma. Mama mukwe naye anasema: «Ukifungula misuko yangu, utatoka mu nyumba yangu.» Nifanye je?

Constance

Constance mwana yangu, pole. Lakini docteur ulimudanganya, na kwa ile sikuhurumie. Haya ya nini? Mutoto anaanguka, weye unachunga haya!

Mi kalasi niliacha mu ya pili, lakini macho niko nayo. Mujukulu yangu Anaclet bamemuwekea ile machine, mi nilikaa pembeni. Shindano ya kudunga hakuna, damu hakuna. Haiingize kitu mu kichwa, haitoshe kitu mule. Inasikilizaka tu. Na penye kuko mafuta, haisikie.

Mama mukwe yako si mubaya. Alizika mutoto, anaogopa kuzika mujukulu. Leo piga magoti, umuambie: «Mama, mikono yenye ilisuka ndiyo ifungule.» Siku ya tano muende naye, akamate Edith mukono. Akitaka, atasuka tena kisha. Kichwa ukioshe na sabuni ya kufulia mara mbili. Mafuta hapana, ata ya kanisa! Na docteur aandike jina ya dawa na kipimo, infirmière, ule muuguzi, abakie na kopi. Usitoke pale bila ile karatasi, ata bakuite kichwa nguvu.

Mama mukwe anakatala? Kamata wembe, unyoe weye mwenyewe. Akikufukuza, kuya kwangu, niko na mukeka, na niko na kinywa ya kumujibu.

Nywele inaotaka tena.