Mwenye Bega Lile

Ni mwaka sasa, Baba Kidoti, tangu kifua kikubane ukiwa kazini, mashine bado inanguruma na kibao cha mteja hakijaisha. Walikukimbiza hospitali. Hukurudi.

Kazi yako ilikuwa kugeuza picha za watu kuwa mistari, leza ikaichoma kwenye mbao na kwenye mawe ya makaburi. Mteja alileta sura yenye rangi na vivuli, nawe ukakaa na kompyuta yako ukichagua mstari upi ubaki. Makunyanzi hukuyagusa. Bibi mmoja alipokuomba umpunguzie miaka, ulimwambia, "Bibi, nikiyafuta haya nitakuwa nimemchonga mjukuu wako." Akacheka, akayaacha. Mwanetu ulimwita Kidoti kwa ile alama ya shavuni, na katika kila mchoro wake uliibakiza.

Mdogo wako ulimfunza wewe mwenyewe. Ulimwambia asubuhi na jioni kwamba mashine haiulizi wala haina huruma. Utakachosahau kufuta, itakichoma.

Yeye ndiye aliyechonga jiwe lako. Mama yako alichagua ile picha yetu kwa sababu ndiyo pekee uliyocheka. Umesimama, mimi nimekaa mbele yako, Kidoti mapajani, mkono wako begani kwangu. Nilikuwa naingia dukani na chai nilipomsikia mama akimwambia shemeji, "Mtoe huyo. Jiwe ni la mwanangu, si la harusi."

Shemeji akauliza, na mtoto je?

"Mtoe naye. Akikua tutajua anafanana na nani."

Shemeji aliniona pale mlangoni. Aliinamia kompyuta, akafuta. Alianza na kilemba changu, akaja uso, mabega, kisha Kidoti wetu, kwa haraka ya mtu anayetaka kumaliza jambo la aibu. Mkono ulikuwa wako, kwa hiyo hakuufuta. Nikaweka chai mezani, nikatoka.

Jiwe liliposimamishwa ndipo sote tukaona. Unacheka vizuri, mume wangu, na mkono wako umenyooka mbele, vidole vimekunjika juu ya kitu ambacho hakipo. Mama aliamuru ufutwe. Shemeji alimweleza kwa sauti ndogo kwamba jiwe likishachomwa ndiyo basi. Mama akanunua chungu cha maua, akakiweka mbele ya mkono.

Maua hayafiki juu. Kila anayekuja kukuona anauliza swali lilelile, na mama hujibu kwamba mashine ilikosea. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Juzi tulikwenda kusafisha, na shangazi yako, ambaye alikuwa safarini tulipokuzika, akasimama mbele ya jiwe muda mrefu. "Kamshika nani huyu?" akauliza. Shemeji akazidi kung'oa nyasi ambazo zilikuwa zimeshang'olewa. Kidoti siku hizi anaongea, hujamsikia. Alisukuma maua pembeni, akagusa vidole vyako kimoja kimoja, halafu akaja nilipochuchumaa akanipigapiga begani.

"Mama," akasema. "Kamshika mama."

Mama yako alikirudisha chungu mahali pake, akakigeuza kidogo, maua yatazame mbele.

Picha iliyo juu ya tangazo hili la kumbukumbu nimeigeuza kuwa mistari mwenyewe, kwenye lile darasa la jioni ulilonisukuma nijiandikishe nikikwambia sina akili ya kompyuta. Mistari yangu bado inatetemeka na sikio lako moja limekuwa kubwa, unisamehe. Lakini tumo wote watatu. Mwalimu anasema nikiendelea hivi nitachonga kazi ya watu. Nitaanza na Kidoti, na alama yake.

Tunaokukumbuka ni mama yako mzazi, mdogo wako uliyemfunza kazi, shangazi yako, mwanao Kidoti, na mimi mkeo, mwenye bega lile.

Umo mioyoni mwetu siku zote.