Taa ya Kijani Shimoni

Mpendwa mdogo wangu,

Simu yako haiiti tangu juzi, kwa hiyo nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie. Nimelisoma daftari langu mara mbili nisije nikakosea siku.

Unakumbuka redio tuliyoijenga nyuma ya jiko la mama, hapa Likasi? Wewe ulichomelea nyaya, mimi niliandika kila jaribio. Asubuhi iliimba, mchana ikanyamaza. Ulinionyesha kiungo kimoja ulichochomelea, ukamwambia dada yako mkubwa ukicheka: "Yaya, angalia, hii soudure iko ya baridi. Kwa macho inashika, ndani haishike."

Ndiyo maana nilisoma maelezo yako polepole ulipotutumia vile vifaa vitatu vya kupima hewa kutoka maabara yenu. Kipande cha silikoni, na juu yake tabaka moja la molekuli zinazonasa gesi ya moshi isiyo na harufu, ile inayotoka kwenye pampu za maji mashimoni. Gesi ikiwapo, taa nyekundu, isipokuwapo, kijani. Shemeji yako alivaa kimoja shingoni akashuka nacho kwenye mashimo ya madini ya Kamatanda. Alijivunia wewe mbele ya kila mtu.

Kila Jumatatu niliviweka karibu na mbabula, jiko letu la makaa, likiwaka. Wiki tano vyote viliwaka vyekundu. Wiki ya sita shemeji yako alitoka mapema na chake. Nilipima viwili vilivyobaki: kimoja chekundu, kimoja kijani. Hicho cha kijani nilikisogeza kwenye makaa mpaka plastiki ikaanza kunuka. Kijani.

Nilipanda pikipiki hadi Kamatanda, nikamwita kwenye mdomo wa shimo mpaka akapanda. Wenzake walicheka: "Baba Ilunga, bibi yako iko na wivu na shimo!" Nilimvua kile kifaa, nikakiweka kando ya mbabula ya mama anayekaanga mikate. Kijani. Kicheko kikaisha.

Shemeji yako peke yake hakuamini. "Mama Ilunga, mbabula si maabara. Mudogo yako alisoma bure?"

Hapo ndipo nilipojua jambo linaloninyima usingizi. Zamani walizima pampu, wakangoja hewa mbaya itoke, ndipo wakashuka. Tangu vifaa vyako vifike hawangoji tena. Wanaangalia taa, wanaingia.

Sikulaumu. Huenda ni unyevu, huenda ni joto, huenda molekuli zinabanduka tu kwenye silikoni, wewe utajua. Ninachokuomba ni kifaa ambacho kikifa, kiseme kimekufa. Hiki kimekufa kikitabasamu.

Nimevificha vyote vitatu. Haisaidii: kesho saa kumi na mbili asubuhi atashuka bila kifaa, na bila kungoja, maana wameshasahau kungoja. Maneno yangu anayaita woga wa wanawake. Ni woga kweli.

Ukiona ujumbe huu kabla ya alfajiri yetu, mpigie yeye, usinipigie mimi. Mwambie kwa sauti yako kwamba ulikosea.

Ni mimi, yaya wako, niliye macho.