Ushuhuda Niliomtolea Mbuvi

Jumapili, 6 Julai 2025

Nimejiandikisha. Basi, imekwisha. Kilomita sabini na kitu, Kitui mjini hadi hapa Mutomo, kwa baiskeli — mimi, mwanamke wa miaka arobaini na moja ambaye mazoezi yake ni kukanyaga cherehani. Mwalimu Eunice, anayeandaa msafara wa kupambana na saratani, alileta fomu baada ya ibada. Mama mchungaji akauliza kama nitavaa suruali. Nikamwambia nitavaa, na sketi juu yake, Mungu aone zote mbili. Hakucheka.

Kuna swali kwenye fomu: Kwa nini unashiriki? Nikaandika: Kumkumbuka mume wangu Mbuvi, aliyefariki kwa saratani ya koo, Novemba 2023. Eunice akasoma, akanishika bega.

Si uongo. Lakini si sababu yenyewe.

Jumanne, 8 Julai

Baiskeli ni ya Mbuvi, ile ya kubebea maji. Fundi ameitoa keria, maana ina uzito wa kitanda. Nimeendesha nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Makalio! Nikaanguka mara moja, walioniona ni mbuzi tu. Binti yangu Yvonne akasema nakaa juu ya kiti kama gunia la mbaazi. Mtoto wa kidato cha pili, mdomo wa bibi kizee.

Sabini ni nyingi. Ndiyo maana nimezitaka. Nataka ziniumize.

Jumamosi, 12 Julai

Katunge alikuja kibandani kupimwa gauni. Katunge ni dada mkubwa wa Mbuvi. Kitambaa kizuri, buluu. Nilipozungusha futi kifuani akaruka kama nimemchoma sindano. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna. Nikapima tena polepole. Nimepima wanawake miaka kumi na tano — upande wa kushoto haukuwa kama wa kulia.

Akakubali mwishowe. Uvimbe, tangu Machi. Wameuombea na sasa umepungua, anasema. Gauni ni la kutolea ushuhuda kanisani, Jumapili ya tarehe tatu Agosti.

Nikamuuliza kama ameenda hospitali.

"Ya nini, na Mungu ameshaguza? Mama Yvonne, si ni wewe ulitufundisha? Ile siku ulisimama mbele na Mbuvi, mimi nikasema, hii ndiyo imani."

Nikaandika vipimo. Vyote nimevikosea, itabidi nimwite tena.

Jumapili, 20 Julai

Niliketi nyuma kanisani, na hapa sasa nataka kuandika mambo yalivyokuwa, mara moja, bila kujipendelea.

Mbuvi alianza kukwamwa na chakula. Kwanza muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, kisha wali, mwishowe uji tu. Daktari alitupatia barua ya kwenda Nairobi. Kabla ya tarehe kufika kulikuwa na mkutano wa maombi, siku tatu, na siku ya tatu jioni Mbuvi akala muthokoi. Vijiko viwili. Nilipiga vigelegele hadi majirani wakaja.

Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya kanisa zima nikasema mume wangu amepona, amekula muthokoi. Nikamvuta asimame kando yangu. Sauti yake ilikuwa imekwisha, akaitikia kwa kichwa tu. Watu walilia. Sikusema kwamba vile vijiko viwili alivitapika nyuma ya choo, nami nikafukia kwa jembe.

Na hapo ndipo mlango ulipofungwa. Ukishatoa ushuhuda huwezi kuonekana unapanda gari na barua ya hospitali. Ni kumfanya Mungu mwongo. Barua niliitia ndani ya Biblia na tarehe ikapita.

Mbuvi aliniambia, "Bado inakwama." Nikamwambia usikiri hivyo, utazuia uponyaji. Akaniambia tena wiki nyingine. Nikamwambia nyamaza. Mara ya tatu alianza tu kusema, akaniangalia, akaacha. Hakusema tena hadi alipokufa, miezi mitano baadaye.

Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi hatukuficha. Tuliyatangaza kuwa yameisha. Sijui wahenga wana methali gani kwa watu kama mimi.

Alhamisi, 24 Julai

Nimemwambia Katunge. Nusu.

Nilikwenda kwake asubuhi, tukakaa tukichambua mbaazi. Nikasema Mbuvi hakupona, hata ile siku ya ushuhuda alikuwa bado mgonjwa. Nikasema msafara unaishia sokoni Mutomo, kutakuwa na hema la madaktari, upimaji bure hadi saa kumi. Aje apimwe Jumamosi, Jumapili ashuhudie akiwa na uhakika.

Alichambua hadi ungo ukaisha. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Mbuvi alikuwa ndugu yangu, lakini imani yake ilikuwa kidogo. Hata tukiwa watoto alikuwa mtu wa wasiwasi. Wewe ulimwaminia, yeye akashindwa kushika."

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema nimechelewa kibandani, nikaondoka.

Mwoga mimi. Nimemuua mume wangu, na sasa namwachia pia lawama ya kufa.

Jumanne, 29 Julai

Kilomita arobaini leo. Nilitapika kando ya barabara. Gauni la Katunge liko tayari. Limemkaa vizuri, akajigeuza mbele ya kioo, akaniuliza kama anapendeza. Anapendeza. Kushoto nimeacha nafasi zaidi ya nilivyopima mwanzo. Wiki mbili na nusu tu.

Ijumaa, 1 Agosti

Kitui mjini. Tunalala kwenye bweni la shule. Eunice amegawa karatasi za kubandika mgongoni: Ninaendesha kwa ajili ya — halafu nafasi. Wengine wameandika Mama, wengine Mtoto wangu. Nimeandika Mbuvi. Kila kilomita ya kesho nataka kuikanyaga mwenyewe. Ndiyo adhabu niliyojipangia, na nikiingia Mutomo nimeimaliza labda nitaweza kuwatazama watu.

Nimempigia Katunge kumkumbusha hema. Akasema ataona.

Jumamosi, 2 Agosti

Barabarani, mbele ya Ikanga. Saa nane kasoro kumi. Pancha ya pili. Tuliondoka asubuhi na manyunyu, watu hamsini hivi, sasa niko na wa mwisho kabisa. Magoti yameisha. Na bado — aibu kuandika — nilikuwa na furaha. Kila mlima ulinichoma nami nikasema sawa, ongeza.

Katunge amepiga. Hata hakusalimia. Yuko sokoni, kwenye benchi nje ya hema, tangu saa nne. Hajaingia.

"Mama Yvonne, niambie. Mbuvi alikuwa anaamini ama hakuwa anaamini?"

Nikamwambia yote. Vijiko viwili, choo, jembe, barua. Kwamba mara tatu alitaka kusema na mara tatu nilimnyamazisha. Kwamba aliamini. Aliniamini mimi.

Nikasikia akiwaelezea watu walio kando yake maneno yangu.

"Mama mchungaji amekuja kunichukua," akasema. "Amekaa hapa na wamama wengine. Wanasema hiyo ni uchungu inakuongelesha. Wewe kuja useme tukikuangalia. Ukisema hivyo mbele yao, naingia. Usipokuja, naenda nyumbani."

Kwa miguu hii, Mutomo ni mwendo wa saa tatu nzima. Hema linafungwa saa kumi.

Nyuma yetu kuna pikapu ya kubeba walioshindwa. Tangu asubuhi naitazama kama adui. Nimejiapiza mwezi mzima kwamba sitaipanda. Sasa naona kile kiapo kilikuwa changu peke yangu, cha kunituliza mimi. Mbuvi hakimfai kitu, na Katunge hakimfai kabisa.

Nimeipakia baiskeli.

Saa tisa kasoro robo. Naandika garini, herufi zinaruka. Dereva anaitwa Kitheka, mtu mpole. Anasema nisione haya, hata vijana wameshindwa leo. Nimejaribu kupanga maneno lakini kila nikianza naanza na sifa za Bwana, kwa mazoea, na nikianza hivyo najua nitaishia pale nilipoishia siku ile.

Soko hili hapa. Nawaona kwenye benchi, sita au saba, vitambaa vyeupe kichwani. Katunge yuko katikati. Amevaa gauni la buluu.

Kitheka anauliza anishushe wapi, hapa pembeni ama pale watu wako. Nimemwambia pale. Amepunguza mwendo. Mama mchungaji ameshaniona, anainuka, amenyoosha mikono yote miwili kunikumbatia. Sitaanza na sifa, nitaanza na jembe.