Wimbo wa Sita, Dakika ya Nne

Nawoitorong, Lodwar
Jumapili, 16 Machi 2025

Mpendwa shemeji Elijah,

Dada yako Jelagat, bibi yangu, alikufa. Jumanne tarehe nne, saa tano asubuhi. Malaria ilipanda kichwa, siku nne, kwisha. Uliambiwa na watu wengine kwa simu. Mimi hujanisikia nikisema, ndio nimeandika hapa na mkono yangu.

Sasa salamu. Ejok? Habari ya Voi? Mgongo yako inaendelea aje? Jeptoo na ile presha yake? Morgan anaenda shule? Mimi mwili iko sawa. Nakula. Nakeno, huyu jirani anauza makaa, analeta chakula halafu anakaa mlangoni mpaka nimalize, kama askari jela. Joto ya hapa unaijua, sina haja ya kukuambia.

Nimekupigia mara saba tangu mazishi. Hushiki. Mtu anaogopa simu ya shemeji yake, huyo ni mwanaume gani? Basi karatasi haina mahali ya kukata. Nyuma ya hii barua nimebandika memori kadi na selotepu. Usiitupe. Ni albamu. Nataka uisikize yote, halafu unipe jibu kabla ya tarehe kumi na mbili Aprili. Hiyo siku ni Jumamosi, tunaweka simenti kwa kaburi. Nataka wimbo ya sita ichezwe pale, mpaka mwisho. Wazee wa kanisa wanasema haiwezi, upande wa bibi ulishakataa. Na upande wa bibi ni wewe peke yako.

Wacha nikuambie kwanza albamu ni nini, kwa sababu ulikataa kitu hujasikia.

Hao watu wa albamu wanaitwa Laga, kama ule mto mkavu. Wako Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi. Deng anapiga gita, ni Mdinka, mchana anatengeneza simu za watu. Amou ni dada yake, yeye ndiye mwimbaji. Besi ni Lomorukai, Mturkana wa Kakuma mjini, mrefu mpaka gita kwake inakaa kama kijiko. Albamu inaitwa Maji Yamekuja. Nyimbo nane. Walirekodi kwa kachumba ka mabati, na walikuwa wanaanza mapema kabla jua ipate nguvu, kwa sababu bati ikipata moto inalia. Sikiza mwisho ya wimbo ya pili. Utasikia pa, pa, pa. Hiyo si ngoma, ni paa. Waliacha hapo na mimi nasema walifanya vizuri.

Ni pawa metali, Elijah. Ile chuma yetu yenyewe. Gita mbili zinakimbia pamoja, ngoma ya miguu miwili, na mwimbaji ako juu huko kama mwewe. Lakini wameweka na ya kwao ndani. Wimbo ya kwanza inaanza na gita ya Kikongo, tamu, unafikiri uko harusini, halafu bila kukuuliza inageuka chuma. Ya nne wanaimba kama Waturkana wakiruka ngoma yao ya edonga, wanaume wanakoroma chini, miguu inapiga ardhi, na gita inaruka na wao. Sijawahi sikia mtu ameweka hiyo vitu pamoja ikakaa. Kwa kazi yetu ya mjengo ukichanganya koroga ya simenti bila kipimo ukuta inapasuka. Hii haijapasuka.

Siko hapa kukudanganya. Wimbo ya tatu ni mrefu bure. Ya tano ngoma ni ya kompyuta, inasikika kama mtu anagonga sufuria. Ya saba Amou anaimba Kizungu, mimi sielewi, na nikimsikia hata yeye haelewi. Ya nane ni gita tupu dakika kumi, hiyo sikiza ukiwa umelala chali. Usitumie spika ya simu, utaharibu. Tafuta ile ya masikio. Na mpatie Kamande akopi. Yeye hajaokoka hiyo kuokoka yako, bado ni mtu wa chuma. Mwambie awapatie wenzake wote huko, wale wanavaa nguo nyeusi kwa jua ya Voi. Mwambie waanze na ya nne.

Wewe anza na ya sita.

Inaitwa Toka Kwa Laga. Inaanza na ngoma ya kanisa ya Wadinka, na wanawake wanaimba wimbo ya kuomba, pole pole. Dakika mbili hivi. Halafu gita inaingia kama maji ya laga, ile unasikia kabla hujaiona na ukichelewa inakubeba. Karibu na mwisho wanawake wanarudi, sasa kila kitu inaenda pamoja. Hapo dakika ya nne, nyuma ya Amou, kuna sauti moja inachelewa. Kila mstari inachelewa kidogo.

Huyo ni Jelagat.

Hukujua. Ungejua kama ungeshika simu zake mwaka jana. Alikuwa anapeleka samaki kavu ya Kalokol kuuza kambini, na Amou alikuwa mteja wake. Siku moja Amou amekosa wanawake wa kuimba nyuma, akamwambia, mama samaki, wacha ndoo hapo, kuja. Akaingia na harufu yake yote. Alirudi nyumbani anacheka mpaka anakaa chini. Akaniambia, "Barasa, mimi sasa niko ndani ya chuma." Tangu hiyo siku akisonga ugali anaimba hiyo kitu, na mwiko inapiga sufuria. Na bado alikuwa anachelewa.

Nani alimfundisha chuma? Ni wewe. Mwaka elfu mbili na kumi na moja, hapa Lodwar, tukijenga yale maduka. Wewe ulikuwa mtu wa jenereta, yeye anapikia watu wa mjengo, mimi nabeba kokoto. Saa ya chakula unachomeka redio kwa jenereta, watu wote wanahama na sahani zao, tunabaki wanne, wewe, mimi, Kamande na yeye. Foremani anapiga kelele ati hii makelele itaangusha ukuta. Ukamwambia, "Ukuta ikianguka kwa gita, shika fundi wako." Ulikuwa mtu, Elijah. Bibi nilimpata kwa hiyo makelele yako.

Sasa mazishi, kwa sababu hukukuja. Ulisema uko na mkutano wa injili.

Siku ya pili ya ugonjwa, kichwa ikiwa bado sawa, Jelagat aliniambia nikienda niwekee wimbo ya sita, na usikate. Nikasema wewe hauendi mahali. Akasema sikuulizi hiyo, nakuambia usikate.

Basi tarehe nane tuko kaburini. Deng na Amou wametoka Kakuma na spika yao. Nikamwambia mzee Aukot, huyu mkubwa wa wazee wa kanisa letu, kuna wimbo moja. Akauliza kama ni ya kuomba. Nikasema ni ya kuomba. Sikudanganya.

Ikaanza. Wanawake wa kanisa kusikia ile ngoma wakasimama wote, mikono juu. Mzee Aukot amefunga macho, anasema amina, amina. Mama mmoja akaanza kulia na kuomba kwa Kiturkana. Nikajiambia hii imeenda vizuri. Halafu gita ikaingia.

"Ai! Nani ameleta pikipiki huku?" mtu akauliza nyuma.

Mzee Aukot akafungua macho. "Barasa, hii ni nini?"

"Ni ile ile, mzee."

"Ile ile gani? Haya ni mapepo!"

Nakeno akamwambia, "Mzee, si saa hii tu ulikuwa unaiambia amina?"

Watu wakacheka, kaburini pale. Jelagat angecheka kuwashinda.

Hapo ndipo mzee alikasirika akatoa simu. Akasema yeye hataki fitina na watu wa bibi, wacha waseme wenyewe. Akakupigia, akaweka simu kwa maiki. Hiyo desturi ni nzuri siku zingine. Mtu wa upande wa bibi akisema, hakuna wa kupinga, hata mimi. Na wewe bila kuuliza ni wimbo gani, bila kuuliza shemeji umelala aje, ukasema, "Zima hiyo takataka. Dada yangu hakuwa mtu wa shetani."

Watu wote walisikia. Amou alisikia, na yeye ndiye alimwosha Jelagat pamoja na Nakeno. Wewe ulikuwa Voi umeshika maiki ingine.

Ni kweli dada yako hakuwa wa shetani. Alikuwa wa chuma. Ulimwingiza wewe, halafu ukatoka na mlango ya nyuma ukaanza kuwarushia mawe wenye walibaki ndani. Nimebeba hiyo neno yako siku nane. Nimevunja kiti. Nimetukana watu hawana makosa. Tangu asubuhi nimekaa na hii kalamu natafuta matusi yenye itakutosha, na bado sijapata.

Saa hii Nakeno amepita. Nikamsomea mpaka hapo. Akauliza kitu moja tu.

"Na nani alizima?"

Elijah, mzee Aukot hajui swichi ya hiyo spika iko wapi. Deng alikunja mikono akakataa. Ni mimi. Nilisikia sauti yako kwa maiki, nikanyoosha mkono, nikazima. Miaka yote wewe ndiye unawasha na unazima, sisi tunangoja. Mkono ilienda yenyewe. Ilikuwa dakika ya tatu na kitu. Yeye ako dakika ya nne. Hatukumfikia.

Aliniambia usikate, na mimi nikakata.

Kwa hivyo ile jibu nimekuomba hapo mwanzo, kaa nayo. Siitaki. Nilianza hii barua nikitafuta ruhusa, sasa sitafuti. Tarehe kumi na mbili koroga nitachanganya mimi mwenyewe, sitaki fundi. Wimbo itacheza mpaka mwisho. Mzee Aukot akitaka kukupigia, apige, na wewe ongea mpaka bando iishe. Mimi nitakuwa na simenti kwa mikono yote miwili.

Ukikuja, kuja. Kitanda iko. Sitakupiga. Ukikosa kuja, hiyo Jumamosi saa nne asubuhi weka za masikio na ucheze ya sita huko kwako, hata kama ni chooni. Mngoje dada yako hapo dakika ya nne. Ukimsikia utajua ni yeye, hakuna mwingine anachelewa hivyo.

Salamu kwa Jeptoo, mwambie apunguze chumvi. Morgan mwambie shangazi yake ako kwa albamu, asione haya kuwaambia wenzake. Kamande nimesema. Mama huko Kapsabet ukimpigia, mwambie Agosti nitamletea nguo za Jelagat, nimezifua. Nakeno anakusalimia, lakini si vizuri sana.

Mungu akuchunge wewe na nyumba yako. Na akufungue masikio, kwa sababu mdomo tayari alikupatia kubwa.

Siku zenye foremani alinipa zimeisha. Kesho narudi kazi.

Shemeji yako, anakupenda na hasira yake yote,

Barasa