Turbo ya Pikapu la Ukoo

Masasi,
12 Agosti 2004

Kaka Benedikto,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Paulina na watoto, na kwamba uvimbe wa mguu wa Mama umepungua. Sisi huku hatujambo, vumbi la salfa tu lilitukohoza kidogo wakati wa kupulizia mikorosho. Baada ya salamu nakwambia wazi kuwa nina hasira, na sitaificha.

Juzi Rajabu, kondakta wa basi la Newala, alinieleza kuwa umemfukuza shemeji yetu Dadi nyumbani kwa dada yetu Dorika. Umeweka begi lake barabarani, ukasema mwanamume aliyeua gari la ukoo hawezi kulala kwenye kiwanja cha ukoo. Tena Jumapili hii wajomba mnakaa kuivunja ndoa. Miaka tisa na watoto watatu, kwa sababu ya injini! Eti alikuwa amelewa, mtu ambaye hata togwa iliyochacha haigusi.

Ulipolileta pikapu lile kutoka Dar ulitamba Kitangari nzima kwamba lina turbo ya kisasa. Hukukosea. Turbo za zamani husukuma hewa kwenye injini vizuri gari likikimbia tu. Ukipanda taratibu na mzigo, zinasinzia. Hii ina vibawa vidogo ndani yake. Mwendo ukiwa mdogo vinajibana ili moshi upite kwa kasi na kuizungusha, mwendo ukikolea vinafunguka. Ndiyo maana lilipanda kutoka bondeni na mapipa sita ya maji kana kwamba ni matupu, na dizeli lilikula kidogo.

Lakini vibawa hivyo ni adui wa masizi. Vinataka oili safi na gari litembee, la sivyo vinaganda. Mwezi wa tatu nilikwambia ununue betri. Ukasema gari likisukumwa linawaka, betri ya nini. Basi Dadi akawa hazimi injini kwa kuogopa kusukuma, likakaa likinguruma bondeni kwa muda wa saa tatu, hata nne, foleni ya maji ikisogea ndoo kwa ndoo. Hakuna njia nzuri zaidi ya kujaza masizi. Alikuomba betri mara mbili mbele yangu, ukamjibu kwamba kazi ya dereva ni kushika usukani. 

Mwezi wa sita vibawa viliganda. Ukaniletea gari hapa gereji kwangu, nikaifungua turbo, nikaisafisha, nikairudisha. Wiki mbili baadaye, kwenye kona ya juu ya mlima, mhimili wake ukakatika na oili ikamwagika kwenye njia ya hewa. Injini ya dizeli ikipata oili namna hiyo inaichoma kama mafuta yake. Dadi alizima ufunguo, injini ikazidi kupiga kelele. Mbele alikaa na Dorika na mtoto wao Isabela, nyuma kulikuwa na mapipa na wanawake wanne. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, akaingiza gia ya tano, akaachia klachi mpaka injini ikakabwa na kuzima. Ninyi mnasema gia ile ndiyo iliyovunja injini, kwamba mwenye akili timamu haingizi gia ya tano mlimani. Kaka, hakukuwa na njia nyingine. Angefungua mlango akaruka, leo tungekuwa tunafanya arobaini.

Sasa nifike pale nilipokuwa napakwepa. Kwenye turbo ile kuna skrubu ndogo inayozuia vibawa visijibane kupita kiasi. Imepimwa kiwandani na fundi haigusi. Mimi niliigusa. Uliniambia mbele ya mafundi wenzangu kwamba gari la kisasa si la fundi wa Masasi, ikaniuma, nikataka lipande vizuri kuliko lilipokuwa jipya. Nikaizungusha skrubu. Lilipanda kweli, ukanisifu, na turbo ikawa inazunguka kupita uwezo wake hadi ikakatika.

Mliponirudishia gari niliona kosa langu mara nilipoifungua turbo. Uliniuliza nani kaua gari, Dadi akiwa amesimama pale pale. Nikafuta mikono nikasema dereva alilikimbiza. Aliniangalia tu, hakunibishia, kwa sababu mimi ni shemeji yake. Hasira niliyokuandikia wewe, nusu yake ni yangu.

Leo asubuhi nilimfuata Dadi huko Lisekese, kwa dada yake, nikamweleza yote. Akaniuliza tu kama kikohozi cha Isabela kimepona. 

Jumapili, kabla mtu hajasema neno, isome barua hii kwa sauti mbele ya wajomba wote, tangu shikamoo mpaka jina langu. Nami nitakuja na Dadi kwa basi la kwanza. Mtakalonifanya ni haki yenu.

Msalimie Mama, shemeji Paulina, na wote wanaoniulizia. Dorika usihangaike kumsalimia. Nimempelekea nakala ya barua hii kwa mkono wa Rajabu, na kusoma anajua.

Ni mimi mdogo wako,
Alfredi