Mama Arudi Siyu kwa Landrova

Wiyoni, Lamu
Jumapili, 12 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Taufiq,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, pamoja na wifi yangu Raihana na watoto. Kile kikohozi kimekwisha? Usinifiche, kwenye simu nakusikia. Sisi hatujambo kwa fadhila za Mungu. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri, kwa hiyo hatuna neno.

Uliniomba nimwulize kuhusu nyumba ya Siyu, kama ni sawa binamu yetu Abdulwahid aivunje achukue mawe ajengee, maadamu paa limeporomoka na hakuna anayekaa. Nilimwuliza. Akasema hajibu mpaka aione kwa macho yake. Sasa kwa miguu yake ile atafikaje Siyu? Punda hapandi tena, na pikipiki ameapa.

Bahati nzuri yuko kijana wa Faza, Fadhil, mwenye landrova kuukuu ya kutembezea wageni kisiwani Pate. Huwapokea wanaposhuka mashua Mtangawanda, akawapitisha kwenye magofu ya Pate hadi Siyu. Tukapata nafasi. Mama alikaa mbele kama bibi harusi. Nyuma tulikuwa mimi na walimu wawili kutoka bara, mtu na mkewe, Bwana Hudson na Bi Kerubo. Watu wazuri, ila Bi Kerubo alinishika mkono njia nzima hadi vidole vikafa ganzi.

Taufiq, nimezaliwa kisiwa kile na sikujua ni kizuri namna ile. Ukienda kwa miguu unaangalia unapokanyaga tu. Tuliteremka mabonde ya minazi na ufuta, gari likiyumba mchangani, mama akimwambia Fadhil apunguze mwendo, kisha akimwuliza mbona amepunguza. Pate tulikuta watu wamelima tumbaku katikati ya kuta za kale. Bwana Hudson alipiga picha mpaka simu ikazima.

Lakini mimi roho haikutulia. Nilihofia mama akiiona nyumba yake ilivyo atavunjika moyo, na kwa umri wake sijui ningemfanyaje.

Siyu, tulipokwisha kutazama ngome, Fadhil alisimamisha gari penye kuta zilizoota magugu. Akawaeleza wageni kwamba hili ni gofu la karne nyingi, alikaa humo mwanachuoni mkubwa wa zamani. Nikatazama vidaka vya ukutani, nikavitambua. Ilikuwa nyumba yetu. Kijana wa watu alisimulia alivyosimuliwa na wenziwe, hakuwa na nia mbaya.

Bi Kerubo akauliza jengo lina miaka mingapi hasa. Mama akamwahi Fadhil kujibu.

"Sawa na mwanangu Taufiq. Babake aliimaliza nikiwa na mimba yake. Na meno yote angali nayo."

Fadhil aliona haya mpaka jasho likamtoka. Mama alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akataka ashushwe. Alitembea mle ndani akinishika bega, akawaonyesha wale walimu jiko lake, mahali pa kutawadhia, na pembe uliyoangukia ukapasuka kidevu. Mimi niliyekwenda kumbembeleza ndiye niliyefutwa machozi.

Tuliporudi garini Fadhil aliomba radhi, akasema hatawaleta wageni pale tena. Mama alikataa. Awalete tu, ila abadilishe maneno.

"Usiwambie ni gofu," alisema. "Wambie mwenyewe yu ndiani anarudi."

Mume wangu Mahmud na mwanetu Harith wanakusalimu sana. Nibusie watoto, na umwambie Raihana ile halua ilifika salama na haikumaliza siku mbili. Mungu akuhifadhini nyote na akupeni riziki ya halali.

Kuhusu mawe, kabla sijafunga barua nilimwuliza mama nikuandikie nini. Akasema jibu ameshalitoa kwa Fadhil, nikuandikie hilo hilo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Thuwaiba